Mfereji Ambao Haukuwa Kwenye Karatasi

Asubuhi ile niliambiwa nimwage takataka barabarani ili nizizoe tena, nikakataa. Watu wa kwetu wakisimulia habari zangu huanzia hapo, kana kwamba nilizaliwa siku hiyo nikiwa na fagio mkononi. Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkanidhani mkorofi wa kuzaliwa.

Korona ilinikuta Garsen, naosha sahani katika hoteli moja ya pale stendi, mabasi ya Lamu yanaposimama abiria wapate kula. Shule niliiacha kidato cha pili, karo ilipogoma, na sikuona haya kuosha sahani. Zangu zilikuwa ziking'aa, na ndoto zangu nilizitunza humo humo kwenye povu. Nilitaka siku moja niwe na hoteli yangu mwenyewe, yenye pilau ya mchele wa kwetu, si ule wa gunia uliovuka bahari. Basi mabasi yakazuiwa, kafyu ikaja, mwenye hoteli akapindua mabenchi juu ya meza akaniambia, "Nenda kwa mamako, mwanangu, ukale embe."

Nikaenda. Maembe yalikuwepo, tena mengi mno, kwa kuwa malori ya kuyachukua hayakuja msimu ule. Yalioza chini mpaka kijiji kizima kikanuka pombe, na mbuzi wakawa wanapita wakiyumba kama watu waliotoka harusini.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa mto, si mbali na Hewani. Nyuma yake, bondeni, mama ana shamba la mpunga. Zamani maji yalifika huko kwa mfereji waliouchimba babu zetu kwa mikono. Mto ukijaa, maji yaliingia yenyewe mdomoni mwa mfereji, yakapita nyuma ya nyumba, yakakata malka, yakafika mashambani. Malka ni njia ya mifugo ya kwenda mtoni kunywa. Ni ya wafugaji tangu enzi, na hakuna mkulima mwenye akili timamu anayepanda hata mhindi mmoja juu yake. Mafuriko makubwa ndiyo yaliyouziba mfereji kwa tope, kisha mathenge ukaota juu, ule mti wa miiba unaokatwa leo na kesho umekuja na ndugu zake. Tangu hapo mama akawa analima kwa kutegemea mvua, na mvua ya kwetu ni mgeni asiyepiga hodi wala kuaga.

Mama alikuwa na gunia moja la mbegu, mpunga wa kienyeji wenye harufu, uliorithiwa kwa mamake. Gunia lilikaa uvunguni mwa kitanda. Ule mwaka wa maradhi tulilala na uji usio na sukari, na siku nyingine bila uji, na gunia lipo pale. Siku moja nilimwambia tutwange kidogo tu.

"Hiki si chakula," mama akasema. "Hii ni mwakani."

"Mwakani tutakuwa tumekufa, mama."

"Basi utazikwa na njaa yako. Mbegu haiguswi."

Lakini mbegu nayo huzeeka. Aliipima kwenye kitambaa chenye maji, chembe chache, akaona nyingine hazitoi meno. Asipoipanda mto utakapojaa msimu ule, alisema, haitaota tena, na mpunga wa mamake utakuwa umeisha duniani. Hakulia. Alifunga gunia akalirudisha uvunguni. Mimi ndiye niliyekwenda kulia nyuma ya choo, maana machozi yangu huwa hayana adabu.

Basi redioni wakatangaza kwamba serikali imetoa pesa za kufufua uchumi, na vijana watapewa kazi za mikono.

Mama akauliza, "Kufufua? Kwani nani kafa?"

Jina langu likatoka. Nikapewa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari inayomulika, fagio, jembe jipya na barakoa mbili. Tulikuwa makundi mawili tukipokezana wiki. Wiki hii sisi, wiki ijayo wale. Kazi yetu ilikuwa kufagia barabara ya mjini, kuzibua mitaro na kuokota taka sokoni. Sitasema uongo, malipo ya kwanza yalipoingia kwenye simu nilimnunulia mama leso na nusu kilo ya sukari, tukanywa chai tamu mpaka ulimi ukashangaa.

Msimamizi wetu alikuwa kijana wa bara, mwembamba, joto letu likimtesa kama samaki aliyetupwa ufukoni. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetufundisha kuchimba mtaro kwa uzi. Unapiga vigingi, unavuta uzi, unachimba hadi kuta zisimame wima kama za kaburi. "Mtaro ni kuta," alizoea kusema. Tukaiva. Mitaro yetu ya Garsen ilikuwa imenyooka hata unaona haya kuitemea mate.

Shida ilikuwa vumbi. Tulilifagia tangu stendi hadi njia panda, na ikifika saa sita malori na upepo vimelirudisha lote. Kesho yake tunalifagia lile lile. Rafiki yangu wa kijijini, jamaa aliyekuwa kondakta wa basi kabla ya mabasi kuzuiwa, alikuwa akiliamkia kila asubuhi. "Vumbi, shikamoo. Watoto hawajambo?"

Na kila siku msimamizi alipiga picha mbili kwa simu yake, ya kabla na ya baada, akazituma kwa wakubwa zake. Siku moja tuliwahi sana. Tulipomaliza ndipo akakumbuka kwamba ya kabla hakuipiga. Akakuna kichwa, akanitazama mimi niliyekuwa na gunia la taka begani.

"Dada, hebu mwaga hapo kidogo. Nikishapiga mtazoa."

"Nimwage?"

"Kidogo tu. Ni ya ripoti."

Nikaliweka gunia chini, nikalikalia.

"Bosi, kufagia nitafagia hata mara kumi. Kumwaga, hapana."

"Ni dakika mbili, dada."

"Hata iwe nusu. Mama hakunizaa nije nichafue Garsen."

Kondakta akadakia kutoka nyuma, "Bosi, kama unatafuta uchafu nipige mimi. Sijaoga tangu Ijumaa."

Watu wakacheka, na msimamizi naye akacheka bila kutaka, akaenda kupiga picha kipande cha mbele ambacho hakijafagiwa. Lakini mimi nilibaki juu ya lile gunia, nikitazama. Vijana wote wale wenye nguvu. Majembe yote yale mapya. Vumbi. Na kule nyumbani mfereji umelala chini ya mathenge, na mbegu inazeeka uvunguni. Nikasimama nikamfuata.

"Bosi, kwetu kuna mfereji umeziba. Tukiuzibua, bonde zima litalimwa. Si ndio huo uchumi wanaotaka ufufuke?"

Akafungua faili lake. Nitamsifu kwa hilo, alitafuta kweli, hata akageuza nyuma ya karatasi. "Hapa naona barabara, mitaro, soko. Mfereji wenu hauko kwenye karatasi."

"Si uuandike."

"Siyo mimi ninayeandika, dada yangu."

Nilimwamini. Sura yake ilikuwa ya mtu ambaye naye kuna mahali aliwahi kuomba kitu kiandikwe. Lakini kuamini ni jambo moja na kukubali ni jingine. Pesa zile zilitolewa kwa sababu sisi tulikuwa tumekwama, na hapa tulipokwama palikuwa panajulikana, ungeweza kuweka kidole. Palikuwa pamejaa tope. Kama karatasi haipajui, nikasema moyoni, sisi tunapajua.

Kutoka kijijini kwetu tulikuwa saba katika kundi lile. Wiki isiyo ya zamu yetu tukabeba majembe tukaenda mfereji ulipo. Mama alisimama mlangoni akitutazama.

"Mtaweza?"

"Tuna majembe ya serikali."

"Na serikali ina habari?"

"Itapata, mama."

Akacheka, akaingia ndani, akarudi na panga lake la mathenge, lile refu, akaniwekea begani. Sikumbuki kupewa zawadi kubwa kuliko ile.

Tulichoma, tukang'oa, tukachimba. Miiba ya mathenge ilipita hadi kwenye viatu vya mpira. Kina mama walituletea viazi na kambale wa kuchoma. Watu walioanza kwa kutucheka wakaanza kuleta majembe yao. Siku ya tano tukafika malka.

Siku hiyo wazee wote wa kijiji walikuwa wamevuka kwenda mazishini Golbanti. Mifugo nayo ilikuwa bado mbali, imehamia upande wa Chara kufuata nyasi. Tulikuwa wenyewe. Mahali pengine pote mfereji ulikuwa mwembamba, ila pale ulitanuka ghafla ukawa kama sinia, kingo zake zimelala chini. Tulipochokora tope tukakuta magogo ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi, yamelazwa sambamba, mengine yameoza.

Kondakta akajishika kiuno. "Hapa babu zetu walichoka. Jua limewaka, mmoja akasema, aah, jamani, iwe hivi hivi."

Tukacheka wote. Nami nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu sasa nilikuwa fundi. Tukapiga vigingi. Tukavuta uzi. Magogo tukayang'oa, kuta tukazisimamisha wima kama tulivyofundishwa, udongo tukaurundika huku na huku. Ulipendeza. Nilisimama pale nikajiona injinia mwenye cheti. Magogo nilimpelekea mama, akayapasua kuni bila kuuliza sana, maana maharage yalikuwa jikoni na kuni hakuna.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yetu mjini. Mto ulikuwa umeanza kujaa kwa mvua za huko juu, maji mekundu, na mdomo wa mfereji tulikuwa tumeuziba kwa mifuko ya mchanga tukingoja maji yafike kimo chake. Nilikuwa nafagia sokoni, moyo umejaa, niliposikia mtungi wa plastiki ukitua mbele ya fagio langu.

Alikuwa mama mmoja Muorma, wa wale wafugaji wenye malka, muuza maziwa. Nilimjua tangu siku za hoteli. Kila asubuhi alinipimia maziwa ya chai akanizidishia kidogo, akisema nimekonda. Siku hiyo hakunisalimu.

"Wewe. Nyinyi vijana ya mto. Nani amechimba malka?"

Kondakta aliyekuwa karibu yangu akainama akaanza kufagia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ng'ombe imerudi jana kutoka Chara, na ndama yangu iko ndani ya shimo tangu jioni," yule mama akasema. "Mguu imevunjika. Mama yake amesimama juu, inalia. Nani amechimba?"

Kwetu, ndama kuvunjika mguu kwenye malka si habari ndogo. Watu wazima wakisikia neno shimo na neno malka kwa pamoja, huanza kuwaita watoto wao waingie ndani. Wanakumbuka mapigano ya wakulima na wafugaji, yaliyotukuta sisi vijana tungali wadogo. Nilijua haya yote. Lakini kwangu kusema uongo mbele ya mtu aliyewahi kunizidishia maziwa ni kazi ngumu kuliko kuchimba.

"Ni sisi, mama," nikasema. "Ni mimi niliyewaambia."

"Kwa nini?"

"Tulitaka maji yafike shambani kwa mama."

"Maji iende kwa mama yako, sawa. Ng'ombe yangu iende kwa maji, ipite wapi?"

Nikamwambia ukweli wa aibu. "Pale palikuwa pametanuka tu. Tulidhani wazee wetu walichoka."

Akanitazama. Hasira ilikuwepo, lakini nyuma yake niliona kitu kingine kilichoniuma zaidi, kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosa kufundishwa.

"Wazee wenu hawakuchoka," akasema. "Wazee wenu walikuwa wanatujua."

Nikaliegemeza fagio kwenye kibanda cha nyanya, nikavua kizibao, nikamfuata. Kondakta akanikimbilia.

"Sikia, msee, twende home tufunge mdomo. Hii itapoa yenyewe."

"Hatufungi mdomo," nikamwambia, "na mfereji pia hatuufungi."

"Wewe utatuua."

"Basi njoo unizike vizuri."

Akatukana kidogo, akapanda bodaboda nyuma yetu.

Ndama alikuwa mdogo, rangi ya udongo, amebanwa kati ya kuta zile zetu nzuri kama kitabu kilichobanwa rafuni. Hakuwa na nafasi hata ya kugeuka. Huko juu walisimama vijana wawili wa yule mama na fimbo zao. Nikashuka ndani. Nilipomshika shingo, akaweka pua yake kwenye kwapa langu, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu wote. Tulimbeba wanne, sisi wawili na wale vijana wawili. Mama yule akamfunga mguu kwa vijiti vya mkindu na kitambaa cha shuka, kwa haraka na ustadi, kama mtu anayesuka nywele.

Kisha mmoja wa vijana akanyoosha fimbo kwenye mtaro. "Fukieni."

Kondakta akashika jembe mara moja. Kwa kweli hata wenzangu waliotufuata kutoka mjini walikuwa tayari wote. Nikaingia tena ndani ya mfereji nikasimama katikati, udongo ukanifika kifuani.

"Hatufukii," nikasema.

"Binti, toka," kondakta akasema kwa sauti ya chini.

"Sitoki. Mama," nikamwambia yule muuza maziwa, "tukifukia, mbegu ya mamangu imekufa, na hakuna nyingine. Tukiacha hivi, ng'ombe wako watavunjika. Wewe unajua palivyokuwa. Tuambie, tupatengeneze."

Akaja ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kutembea akihesabu hatua. Alipofika mahali fulani akasimama, akachora mstari kwa kisigino. Akavuka upande wa pili, akachora mwingine.

"Ng'ombe nne zinapita pamoja, hivi," akasema. "Hapa inashuka pole pole. Hapa inapanda pole pole. Chini ni miti, kwato isiingie kwa tope. Maji iko hapa." Akajigusa nusu ya muundi. "Mimi nilikuwa msichana kama huyu, nilipitisha mbuzi hapa. Inakunywa hapo hapo, inapita. Na maji inaenda kwenu."

Yule mwanawe akasema kitu kwa Kiorma. Yeye akamjibu kwa neno moja tu, na fimbo ikashuka.

Tukaanza kazi saa ile ile. Kulaza kingo za mtaro uliosimamishwa wima ni kazi kuliko kuuchimba upya, nawaambia. Na mto haukutungoja. Jioni nilikwenda kutazama mdomo wa mfereji nikaona ukingoni alama ya tope bichi, upana wa kiganja, juu ya maji. Mto ulikuwa umefika kileleni, na sasa unashuka. Siku mbili, labda, kabla maji hayajawa chini ya mdomo.

Ndipo simu ikalia. Msimamizi. "Dada, umeacha fagio sokoni. Kesho kuna wageni, wakubwa wenyewe. Kila mtu awe na kizibao saa moja kamili. Asiyekuja nafuta jina. Sitaki, lakini nitafuta."

"Bosi, kesho siwezi."

"Kazi hii watu wanaililia."

"Najua. Mimi pia niliililia."

Nikakata. Nimeulizwa mara nyingi kama niliogopa. Niliogopa sana. Ile sukari ilikuwa tamu. Lakini nilifikiria nikisimama barabarani kesho, na fagio, na mistari inayomulika, nikipigwa picha ya kabla na ya baada huku maji yanapita mbele ya mlango wa mamangu yakielekea baharini bila kuingia. Nikaona hapana. Picha ile sipigwi.

Watatu kati ya saba walikwenda mjini, na siwalaumu hata leo. Kondakta ana mtoto mchanga. Nilimwambia aende, akaenda. Saa mbili na nusu nikamwona anarudi kwa miguu na jembe begani.

"Mbona umerudi?"

"Nimefika njia panda, nikaona vumbi," akasema. "Tumesalimiana, nikageuka."

Magogo ya zamani yalikuwa yamebaki matatu tu. Mama alipojua yalikuwa ya nini alitoa kichwa jikoni akasema, "Ndiyo maana yalikuwa hayataki kuwaka." Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona akiyafuta majivu yale matatu kwa leso yake mpya. Mengine yalikuja kwa punda. Wale vijana wawili walikwenda kuikata mikoma iliyoangushwa na mafuriko huko juu, wakayaburuta magogo hadi malka, yule aliyesema "fukieni" akiwa mbele. Mara moja aliniondolea jembe mkononi akanionyesha kwamba ukingo niliokuwa nikiulaza bado ulikuwa mwinuko mno, na mimi nikamsahihisha alipokuwa akilaza magogo kombokombo. Tukawa sawa.

Mchana wa siku ya pili, kesho yake baada ya ile ya wageni, tukatoa mifuko ya mchanga.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yaliingia kama mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka na hana hakika kama ufunguo bado uko pale pale. Yalisukuma majani makavu, yakasimama, yakanywesha ardhi, yakasogea. Tulitembea kando yake, watu wazima kabisa, tukiyangoja yatupite. Pale malka yalitanuka, yakapungua kasi, nikashika roho yangu. Yakafika upande wa pili. Mama muuza maziwa akapiga mluzi, na ng'ombe wake wa kwanza akashuka pole pole, akainamisha kichwa, akanywa, akapanda upande wa pili bila hata kutushukuru.

Msimamizi alifika hapo kwa bodaboda, kizibao changu kimekunjwa kwapani. Alikuja na fomu za sisi tuliokosa, tutie sahihi kwamba tumeacha kazi. Akaona maji. Akaona ng'ombe. Akachutama na fomu zake mkononi, akatia mkono wa pili majini.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, bosi."

Akatoa simu, akapiga picha. Akatazama picha yake, akanitazama. "Ya kabla mnayo?"

"Ya kabla hukuja," nikamwambia.

Akacheka, kisha cheko likamwisha. "Dada, vaa kizibao. Nikupige picha ukiwa umekivaa, na hawa wenzako. Nitaandika kwamba mlikuwa kazini jana na leo. Wakubwa watafurahi. Jina lako libaki."

Nililishika lile vazi. Wenzangu walikuwa wananitazama, na najua wengine walitaka niseme ndiyo. Mimi mwenyewe nusu yangu ilitaka.

"Utaandika tulikuwa wapi?"

"Nitaandika mitaro. Mfereji hauna mahali pake."

"Basi tafuta mahali pake kwanza," nikasema. "Uandike mfereji, uandike malka, uandike na ng'ombe. Ili wa Chara nao wakiomba mfereji wa kwao, wasiambiwe hauko kwenye karatasi. Ukishaandika hivyo nitavaa, na nitasimama wima kama ukuta wako."

"Siyo mimi ninayeandika."

"Najua, bosi. Lete hiyo fomu."

Nikaitia sahihi juu ya goti langu, na tope la kidole gumba likabaki juu yake. Kondakta akatia yake, na wengine waliobaki zao. Msimamizi akazikunja, akapanda bodaboda, akageuka akasema tu, "Kazi nzuri." Sijui kama aliwahi kumwonyesha mtu ile picha. Ile kazi nayo ilikwisha baadaye kwa kila mtu, waliofagia na sisi tuliokataa, na vumbi la Garsen linaendelea vizuri, asanteni.

Jioni ile maji yalifika shambani kwa mama, lakini hayakulimaliza. Mto ulishuka, yakakomea nusu. Mama aliingia hadi vifundoni, akasimama pale maji yalipoishia, akapima kwa macho. Kisha akaniambia nikalete gunia. Nusu ya mbegu aliipanda yeye. Nusu akawagawia wenye mashamba ya karibu na mdomo wa mfereji, ambao maji yao yalikuwa mengi.

"Umewapa mbegu ya mamako," nikamwambia. Nilisikia uchungu kidogo, sitaficha.

"Nimeificha kwao," akasema. "Uvungu mmoja hautoshi."

Iliota. Si yote, lakini iliota, kwetu na kwao, na mchele wake ukipikwa jirani wa tatu anajua. Tangu hapo kila mto ukikaribia kujaa tunakutana malka, sisi na wale vijana wawili na punda wao, tunageuza magogo, tunabadilisha yaliyooza. Hakuna anayetulipa wala anayetupiga picha. Ndoto ya hoteli ninayo bado. Nimeshachagua na mahali, pale stendi, mkono wa kushoto ukitoka Malindi.

Yule ndama sasa ni mtamba. Anachechemea. Wenzake wakifika kwenye mfereji hupita tu, yeye husimama kwanza, akanusa magogo, la kwanza, la pili, la tatu, kana kwamba anakagua kazi yetu. Mimi husimama upande wa pili na jembe langu nikimngoja. Siku zote mpaka leo amevuka.